Baba Mkwe na Bata wa Kaskazini

Mwaka aliokuja baba mkwe kututembelea Toronto, niliishi kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kabla ya kutoka chumbani nilitega sikio mlangoni. Nikisikia televisheni, nilijua yuko sebuleni, basi nilingoja. Nikisikia maji bafuni, niliruka hadi jikoni, nikapika mbio mbio, nikafunika sahani mezani na kurudi chumbani kabla hajafunga bomba. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili ghorofani, na katikati kuna korido ambayo watu wanene wawili hawawezi kupishana. Mimi ni mmoja wa hao wanene.

Upande wa mume wangu, kule Rungwe, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hamshiki mkono, hali naye chakula, na jina lake halitamki hata akiliona limeandikwa kwenye gunia la mbolea. Siku hizi wapo waliolegeza, hasa wa mjini, ila familia niliyoolewa haikulegeza kitu. Mimi nimekulia Temeke, ambako baba mkwe unamwamkia, unampa chai, na jioni mnatazama taarifa ya habari pamoja. Siku ya kwanza kupelekwa ukweni nilimwona mzee mrefu amesimama mlangoni, nikajua ndiye. Nikatoa meno yote nje, nikamwendea nimenyoosha mkono. "Shikamoo, baba." Mzee akageuka akatazama ukuta. Wanawake waliokuwa wanamenya ndizi wakaacha kumenya.

Wifi yangu mkubwa, dada wa mume wangu, alinivuta kwa gauni hadi nyuma ya nyumba. Huko akanifunda kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kwenda chooni. Ukitaka kupita mahali alipo, kohoa. Akisikia kikohozi atajua ni wewe, atasogea pembeni na kukupa mgongo, utapita. Na yeye akitaka kupita atakohoa, nawe utampisha. "Basi," akasema. "Hayo ndiyo mazungumzo yenu mpaka mmoja wenu azikwe."

Aibu ya siku ile sikuiacha Rungwe. Nilipanda nayo ndege. Miaka mingi baadaye, nikiwa naosha vyombo peke yangu huku Kanada, ule mkono niliounyoosha ulinijia, na uso ukaniwaka moto.

Kwa hiyo mzee alipofika, nilijikaza nifanye kila kitu sawasawa. Tuliishi kwa kukohoa. Yeye akitoka chumbani anakohoa, mimi nikielekea jikoni nakohoa. Jirani wa mlango wa pili alinisimamisha kwenye lifti akaniuliza kwa upole kama tumeshapima vifua. Nikamwambia ni baridi tu. Sikuweza kumweleza mtu wa lifti habari za Rungwe.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili ndilo lililoninyima raha zaidi. Mume wangu anaendesha lori la masafa, huenda magharibi huko akapotea majuma. Kabla baba yake hajaja alinikalisha chini akaniambia, "Mzee akiuliza kazi yako, uko ofisini, hospitali. Sawa, mke wangu?" Nikasema sawa. Kazi yangu ni kutunza wazee katika nyumba ya wazee upande wa Markham. Ninawaogesha, ninawabadilisha nguo, ninawalisha, na nusu yao ni wanaume. Mwili wa mzee wa kiume haunishtui kuliko unga unavyomshtua mwoka mikate. Ninawaogesha huku tunapiga soga. Lakini kumwambia mzee wa Rungwe kwamba mke wa mwanawe anashinda akiwavua nguo wanaume wa watu ingekuwa kumzika kabla ya siku zake, hivyo nikakubali kuwa wa ofisini. Nilikubali upesi sana, bila hata kubisha kidogo kwa ajili ya heshima. Hilo bado linaniuma.

Sasa habari za ndege. Nilianza kutazama ndege kwa sababu ya usingizi. Nikitoka shifti ya usiku mgongo unauma lakini macho hayafumbi, basi badala ya kwenda kujigeuza kitandani nilishuka hadi mjini, nikapanda feri na kuvuka kwenda kisiwani. Kisiwa chenyewe ni ukanda wa mchanga uliolala mbele ya maghorofa. Upande mmoja unatazamana na mji. Upande wa pili unatazamana na maji matupu. Najua ni ziwa. Ila lina mawimbi, lina ufukwe, na ng'ambo yake haionekani. Mimi naliita bahari na hakuna aliyenikatalia. Wakati wa baridi wanaobaki huko ni wenyeji wachache wa zile nyumba ndogo za mbao, mbwa wao, na watu wa ndege. Siku moja nikajikuta na mimi ni mtu wa ndege. Nikanunua darubini iliyokwishatumika, yenye miguu mitatu, nikawa naibeba begani kama mpiga picha wa harusi.

Mwenzangu wa kazini, mama Mkongomani mwenye ulimi mkali, aliniona nayo kituoni. "Eh, maman. Ile ndege unaangaliaka, unaikulaka?" Nikamwambia siwali. "Sasa unaiangalilia nini?" Wengi wao ni bata wa kaskazini. Wanatoka huko juu kabisa kwenye barafu, wanakuja Toronto kujikinga na baridi. Mtu anayekuja hapa kutafuta joto lazima umheshimu.

Mwezi wa pili wa ziara, mzee alianza kunyauka. Sahani zilirudi nusu. Alikaa dirishani tangu asubuhi, mikono juu ya magoti, akitazama maegesho ya magari. Wifi akapiga simu Jumapili, kama kawaida yake. "Mke wetu, mnamlisha nini baba? Ananiambia anaishi ndani ya kabati." Nikatahayari, maana kabati lilikuwa langu na ufunguo nilikuwa nao mimi. Mume wangu alikuwa barabarani, mbali, theluji inampiga, nikamtafuta kwa simu.

"Mtoe nje mzee, bwana," akaniambia. "Just take him somewhere. Hata huko kwenye ndege zako."

"Nimtoeje? Nimshike mkono?"

"Aah, mtajua wenyewe. Mtapishana pishana tu mpaka mfike."

Akampigia baba yake, akamwambia kesho mtatoka. Kesho yake nilipofungua mlango wa chumba nilikuta korido iko wazi na mzee amekwisha kuvaa kila kitu alichonunuliwa, koti, kofia, skafu, glovu, amesimama ametazama ukuta. Alikuwa tayari zamani.

Nilitangulia mimi, kwa kuwa njia naijua, yeye akafuata kwa mbali. Kwenye treni nilikaa mwisho mmoja wa behewa, yeye mwisho wa pili, na kila tulipokaribia kushuka nilisimama mapema ili anione. Kwenye feri nilimwachia ndani penye joto, nikakaa nje. Binti mmoja wa Kizungu akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule mzee ananifuata, na kama nahitaji msaada. Nikamjibu hapana, ni baba wa mume wangu. Uso wake ukazidi kuingia wasiwasi. Nikatazama maji. Niliona aibu kwa ajili ya mzee, aliyekuwa amekaa kistaarabu na glovu zake magotini, asijue kwamba mtu amemdhania mhuni. Halafu niliona aibu kwa kuwa hata mimi, kwa dakika moja, nilimtazama kwa macho ya yule binti.

Kwa jambo moja baridi ilitusaidia. Kule Rungwe mke hujifunika khanga mkwe anapopita. Huku kila mtu amejifunika. Mimi nilikuwa macho tu ndani ya kofia ya koti, naye vivyo hivyo, na hakuna aliyemwona mwenzake hata kama angetaka. Nikawaza kwamba huenda waliotunga mila ile wangeipenda sana Kanada.

Ufukweni tulibuni utaratibu bila kuusema. Nilisimika darubini, nikamtafuta ndege, nikaielekeza kwake vizuri, kisha nikaondoka hatua nyingi na kugeuka mgongo. Nikakohoa. Mzee akaja, akainama, akatazama. Alitazama muda mrefu. Ndege wa kwanza kumwonyesha alikuwa bata dume mweupe na mweusi mwenye mkia mrefu mwembamba uliosimama nyuma yake. Wanaogelea kwa makundi mbele ya mawimbi, wanazama wote, wanaibuka wote, na wakiwa juu wanapiga domo bila kupumzika.

"Huyu mkia umemzidi," mzee akasema. Hakuniambia mimi. Aliliambia ziwa.

Nikaendelea kuyatazama maghorofa.

"Kama kuna mtu anajua jina lake," akaliambia ziwa tena, "angesema."

Nami nikayajibu maghorofa ya mjini, mgongo kwake. "Hana jina la Kiswahili."

"Basi apewe."

Akamwita Bwana Harusi. Nikacheka ndani ya skafu mpaka miwani ikajaa ukungu. Tangu hapo tukawa tunakwenda kila siku nisiyokuwa na shifti, na bata wa kaskazini wakapewa majina mmoja mmoja. Yule mdogo mwenye kitambaa cheupe kisogoni akawa Kilemba. Yule mwenye mdomo mwembamba na manyoya ya kichwani yaliyovurugika akawa Katoka Kulala. Kuna mwingine ambaye mabawa yake yanalia akiruka, huyo akawa Filimbi, na mzee akimsikia anapita alisimama hata kama yuko katikati ya njia. Shakwe hakuwapa jina. Alisema shakwe ni wale wale kila mahali, walafi tu.

Akaanza kula. Sahani zikarudi tupu, na siku moja nikakuta ameziosha. Wifi akaniambia baba anasimulia habari za bata hadi watu wamechoka. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimemkosea yule mzee siku ya kwanza kabisa, na sasa nilihisi nalipa polepole.

Mara moja tu tuliteleza. Tulikuwa kwenye mawe makubwa ya kuzuia mawimbi, mimi mbele, yeye nyuma, akatokea mnyama mweusi mrefu, umbo la nguchiro, manyoya yanang'aa maji, na samaki karibu sawa na yeye mdomoni. Alisimama akatutazama kana kwamba sisi ndio tumemwibia. Mzee akasahau. Akageuka kwangu, "Umemwona?" nami nikageuka, "Nimemwona." Tukawa tumetazamana. Sikuona hata uso, niliona macho tu ndani ya manyoya ya kofia, lakini yalitosha. Wote tukageuka kwa kasi, naye akatembea moja kwa moja hadi gatini, akasimama kusubiri feri wakati feri ilikuwa bado sana. Nyumbani siku ile sikula. Nilijilaza nimeukabili ukuta, mtu mzima mwenye miaka yangu, nimetahayari kwa sababu ya mnyama mwenye samaki.

Siku iliyotuharibia ilikuwa ya Machi, jua kali la uongo, lile linalong'aa bila kupasha. Upande wa bahari, mawimbi ya miezi ya baridi hurusha maji ufukweni, maji yanaganda, na yakigandiana siku nyingi hujenga ukingo mnene unaoingia ndani ya ziwa. Theluji inaufunika, upepo unamwaga mchanga juu yake, na mtu mgeni hawezi kujua nchi kavu inaishia wapi. Chini yake ni maji. Ikifika Machi ukingo huo huanza kuoza kutoka chini. Kila mtu wa ndege anajua hivyo, na mimi nilijua. Mzee hakujua, kwa kuwa sikuwa nimemwambia. Jambo kama lile halisemwi kwa kuliambia ziwa. Linahitaji kumkalisha mtu na kumweleza. Nilikuwa nimepanga kumwambia mume wangu amwambie.

Nilikuwa nimeinama kwenye darubini, namtafuta Filimbi. Nilipoinua kichwa, mzee hakuwa nyuma yangu. Alikuwa chini, kushoto kwangu, anatembea taratibu juu ya ule ukingo mweupe. Mbele yake kulikuwa na ndege mdogo wa majini aliyeanguka juu ya barafu. Kuna ndege wa aina hiyo, miguu yao iko nyuma mno, wakitua pakavu hawawezi kuruka tena. Alikuwa anajiburuta kwa tumbo. Mzee alikuwa anamwendea ameinama, mikono mbele, kama mtu anayekwenda kumkamata kuku bila kumtisha.

Nikafungua mdomo nimwite, mdomo ukakosa kitu cha kutoa. Jina sikuweza. "Baba" sikuweza, maana hilo ndilo neno nililomtupia siku ile mlangoni. Kupiga kelele tu, bila neno, hata hilo halikunijia. Nikafanya kile nilichofundishwa. Nikakohoa.

Mzee akasikia. Akasimama wima, akanipa mgongo kwa adabu, akasogea pembeni anipishe. Mimi nilikuwa upande wa nchi kavu. Pembeni kwake kulikuwa upande wa maji.

Nikakohoa tena kwa nguvu. Akasogea tena. Nikaanza kushuka nikikimbia na darubini mkononi huku nakohoa, nakohoa mpaka koo linawaka, na kadiri nilivyokohoa ndivyo alivyoharakisha kunipisha, masikini, akijua mke wa mwanawe anakuja kwa haraka na njia ni nyembamba. Nilielewa ninachofanya nikiwa bado nakifanya. Ndipo nikapiga yowe, "Baba! Baba, rudi!" Akageuka. Nadhani aligeuka kwa mshangao wa kuitwa. Barafu ikakatika chini yake bila kelele kubwa, kipande kizima kikainama, naye akaingia majini hadi kifuani.

Nililala kifudifudi. Hilo nilifundishwa na watu wa ndege, usisimame penye barafu mbovu. Nikamsukumia darubini, miguu yake mitatu mbele, nikapiga kelele ashike. Akashika. Nikavuta, nikateleza, nikavuta. Nilipomfikia nikamkamata kwa kola ya koti kwa mikono yote miwili, na kofia yake ilikuwa imekwenda na maji, basi uso wake ulikuwa huu hapa, karibu na wangu, ukiwa wazi. Ulikuwa na paji la mume wangu na macho ya mume wangu. Nilimtazama kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama. Yule ndege alikuwa ameshatumbukia majini na anaogelea zake.

Mama mmoja mwenye mbwa alitukuta njiani, akatuingiza kwenye nyumba yake ya mbao, akapiga simu ya dharura, akaleta mablanketi. Akaniambia tumvue nguo zote upesi. Hakuhitaji kuniambia. Mtu aliyelowa kwa maji yale, nguo zinamuua baada ya maji kumwacha. Mzee alikuwa kwenye kiti, anatetemeka mpaka kiti kinalia sakafuni. Nikapiga magoti, nikashika zipu ya koti lake.

Akanishika mikono. Vidole vyake havikuwa na nguvu ya kumshika hata kifaranga.

"Niache hivi hivi, mama," akasema. "Niache."

"Utakufa, baba."

"Bora."

Alimaanisha. Nimeketi na wazee wengi, najua anayesema kwa hasira na anayesema kweli. Yule mama alisimama na blanketi lake akitusubiri, asijue tunabishania nini, na nikawa nimebaki mimi na yeye na ile zipu. Angekufa kweli pale kitini, mbele ya jiko la watu, kwa heshima yangu. Na nikimvua, atabaki hai, lakini sikujua atakuwa nani kwangu na mimi nani kwake.

Nikamvua. Nilitumia sauti ya kazini, kwa kuwa sauti nyingine zote zilinikimbia. "Tunainua mkono huu sasa. Vizuri. Na huu. Egemea bega langu, haya, tunasimama kidogo tu." Nikamvua koti, sweta, shati, fulana. Nikamfungua mkanda. Nikatandaza blanketi kiunoni kwanza, nikavuta suruali chini ya blanketi, vile tunavyofanya ili mtu asibaki uchi mbele ya watu, nikamkausha kwa kugusa, bila kusugua, nikamkunja kwa mablanketi na kumkumbatia kwa nyuma ili apate joto la mwili wangu. Mikono yangu haikukosea hata mara moja. Ilijua mno. Na nikaona kwamba ameacha kubisha, anaitazama hiyo mikono inavyofanya kazi.

"Umezoea," akasema.

Neno lile lilinipenya kuliko baridi. Ningeweza kusema nimefundishwa huduma ya kwanza, ofisini hufundisha. Uongo ulikuwa tayari mdomoni.

"Ndiyo, baba," nikasema.

Tulikaa hivyo hadi watu wa gari la wagonjwa walipokuja, yeye anatetemeka ndani ya mikono yangu, mimi natazama sumaku zilizobandikwa kwenye jokofu la watu nisiowajua, na sijawahi katika maisha yangu kuona haya namna ile. Yale ya mkono ulionyooshwa yalikuwa mchezo wa watoto.

Hospitali nesi aliniuliza jina la mgonjwa. Nikakaa kimya. Akauliza tena, akifikiri sijasikia. Akaniuliza kama ninamfahamu kweli huyu mtu. Mzee alikuwa kitandani hapo hapo, amefumba macho, amefunikwa hadi kidevuni. Nikalitamka, la kwanza na la ukoo, na nesi akaniomba nirudie herufi kwa herufi. Nikarudia. Kope za mzee zilikuwa zinacheza, kwa hiyo alikuwa macho, na alisikia kila herufi.

Alipona. Kifua kilisumbua kidogo, kikatulia. Mume wangu aliacha lori huko huko akarudi kwa ndege, nami nikamweleza yote isipokuwa lile neno moja, "Umezoea." Lile nimelikalia hadi leo. Kisiwani hatukurudi. Mzee hakukohoa tena kwenye korido kwa sababu hakutoka tena chumbani nikiwa nyumbani, na tiketi yake ikabadilishwa ili aondoke mapema. Siku ya kuondoka nilikaa chumbani, nikasikia sanduku likiburutwa, nikasikia viatu vikisimama kidogo nje ya mlango wangu, kisha lifti. Nilidhani nimempoteza kabisa. Niliamini kwamba huko Rungwe atasimulia, ama atanyamaza kwa namna ambayo watu wataelewa, na wifi hatapiga simu tena.

Wifi akapiga Jumapili ile ile baada ya mzee kufika. Mume wangu alikuwa nyumbani, akaweka simu mezani sauti ikiwa juu, na upande wa pili ilikuwa nyumba nzima, tulisikia vikombe na mtoto analia.

"Kaka, tumesikia," wifi akasema. "Baba ametusimulia yote."

Nikashika ukingo wa meza.

"Mungu akubariki, kaka. Kulala kifudifudi juu ya barafu, kumvuta mzee peke yako. Kumbeba mpaka nyumba ya jirani, kumbadilisha nguo kwa mikono yako mwenyewe. Mtoto wa kiume ni wewe."

Mume wangu akanitazama, mdomo wazi. Siku ile yeye alikuwa kwenye lori, nchi nzima katikati yetu. Nikatikisa kichwa, nikamfanyia ishara ya mkono: pokea sifa. Akaivuta simu karibu.

"Aah, ni wajibu tu, dada," akasema.

Wakashangilia huko. Nilimsikia mtu akimwambia mzee asogee, ajifunike blanketi, maziwa yake yasipoe, kwa hiyo alikuwepo chumbani, anasikiliza kama mimi.

"Na wewe, mke wetu," wifi akasema, "siku hiyo ulikuwa wapi?"

Nikaachia ukingo wa meza.

"Nilikuwa kazini, wifi."

"Ofisini," akasema. "Mzee anazama, wewe umekaa ofisini."

Nikamwomba radhi. Nikasikia sauti ya mzee, mbali kidogo na simu, ikisema jambo hilo limekwisha, wazungumze mengine.